Karakana ya Mama Mkwe

Mama Mayai aliuza mayai tangu ujana wake, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kumdai hata yai moja bovu. Kwa hiyo asubuhi ile binti mwenye miwani alipobisha hodi na mkoba wa ofisi ya kodi begani, Mama Mayai alidhani amekosea nyumba. Akamkaribisha, akampangusia kiti, akamuuliza anataka trei ngapi.

Binti akasema hakuja kununua. Alimfuata mmiliki wa karakana ya makochi iliyoko nyuma ya stendi, na mmiliki huyo, kwa mujibu wa mtambo wao wa kompyuta, alikuwa yeye Mama Mayai. Jina lake limo, namba ya kitambulisho imo, hata picha imo, kakunja uso kama anayenusa maziwa yaliyochacha. Tangu karakana ifunguliwe haijapeleka taarifa ya mauzo wala haijalipa kodi. Faini imezaa, na watoto wa faini nao wamezaa. Asipofika ofisini kujieleza, sheria inaruhusu kukamata mali ya mmiliki. Binti alisema hayo huku akitazama juu, na Mama Mayai naye akatazama juu, ile dari ya mbao aliyoipandisha kwa mayai, trei baada ya trei, tangu marehemu mumewe alipomwachia kuta tupu.

Karakana hiyo aliijua. Ilikuwa ya mkwe wake.

Mkwe huyu, aliyezoeleka kwa jina la Fundi Makochi, alikuwa na mikono ya dhahabu na kichwa cha sponji. Kochi lake ukilikalia miaka halibonyei. Neno lake ukilikalia siku moja uko sakafuni. Duka lake la kwanza lilifungwa kwa malimbikizo ya kodi, naye badala ya kwenda kupanga namna ya kulipa, akaenda kwa rafiki yake mmoja mwenye mashine ya kutoa kopi mbele ya duka la picha. Mtu wa kuvaa koti jua la saa saba. Hajawahi kuulizwa jambo akasema haliwezekani. Yeye husema njia ipo, na ndiyo maana wanamwita Njia Ipo. Njia Ipo akamwambia jina lako limechafuka, tafuta jina safi. Na mtaa mzima ungepata wapi jina safi kuliko la mama mkwe?

Basi jioni moja Fundi akaja na heshima zake zote, macho chini, kakalia ncha ya kiti kama mkwe anavyokaa mbele ya mama mkwe. Akaomba kitambulisho, ati amwandikishe mama bima ya afya. Mama Mayai machozi yakamlengalenga. Akatoa kitambulisho, akapigwa picha, akatia saini kila alipoonyeshwa, bila kusoma. Angeanzaje kusoma mbele ya mkwe, aonekane hamwamini? Kesho yake akazunguka na trei zake nyumba kwa nyumba akiwasimanga wenzake: wakwe zenu wanawaletea sukari, wangu kaniletea hospitali.

Sasa hospitali yenyewe ndiyo hii, imekuja na miwani.

Alimwendea binti yake kwanza. Yule mtoto alilia, lakini hakukana. Alijua tangu mwanzo, ila mumewe alimhakikishia kuwa wazee hawaguswi.

"Mwanangu," mama akamwambia, "kodi haiulizi umri wa mtu. Inauliza mlango wake uko wapi."

Siku ya kwenda ofisini alivaa kama anakwenda msibani. Binti mwenye miwani akamweleza taratibu. Akitaka, aandike maelezo kwamba jina lake limetumiwa kwa hila. Deni litamwondokea, suala litakwenda polisi, na aliyefanya hila atakwenda nalo. La sivyo, akubali kuwa karakana ni yake, apangiwe kulipa kidogo kidogo.

Mama Mayai akashika tama. Akishitaki, nyumba inapona, na binti yake anabaki na mume wa kupelekewa sabuni gerezani. Akikubali, mkwe anapona, na dari yake yote inaning'inia kwenye mkono wa mtu aliyekwisha kumwuza mara moja.

"Nikikubali kwamba ni yangu," Mama Mayai akasema, "inakuwa yangu kiasi gani?"

Binti hakuelewa.

"Mwenye karakana anaruhusiwa kufanya nini? Ndilo ninalouliza."

"Kila kitu, mama. Kuajiri, kufukuza, kushika fedha. Hata kuuza."

"Na fundi aliyemo mle, yeye kwenye mtambo wenu ni nani?"

Binti akabonyeza, akatafuta, akabonyeza tena. "Huyo hayupo kabisa."

"Basi andika ni yangu."

Alipofika karakana, Fundi alikuwa kifua wazi, nyundo mkononi, akimfundisha mteja kuwa kodi ni ada ya wajinga. Kumwona mama mkwe mlangoni, akapiga mbizi nyuma ya kochi kutafuta shati. Mama Mayai akamsubiri avae, akalikalia lile kochi, lilikuwa zuri kweli, kisha akaomba funguo, simu inayopokea malipo na kitabu cha risiti. Kitabu hakikuwepo. Kumbe mteja akidai risiti huambiwa kochi lenyewe ndiyo risiti.

Fundi alianza kutokwa na jasho. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, karakana hii ni jasho langu."

"Najua, baba. Jasho lako, jina langu. Ila nimetoka kule sasa hivi, wameniambia kinachokamatwa ni jina. Jasho hawakamati."

Angekuwa mtu mwingine, Fundi angempandishia sauti mpaka stendi wasikie. Lakini mkwe hamgombezi mama mkwe, hata ulimi wenyewe unakataa. Ile adabu aliyoitumia kumwibia jina ndiyo iliyomziba mdomo. Akatoa funguo, akatoa na simu, kwa mikono miwili.

Tangu hapo kila kochi likatoka na risiti yake. Mama Mayai alihamishia meza yake ya mayai mle mle karakanani, mlangoni, na hakuna msumari uliopita asiuone. Fundi akawa mwajiriwa. Mafundi wa jirani wakawa wanamsalimia kwa kumuuliza kama bosi amempa ruhusa ya kunywa maji. Mwisho wa mwezi alipopokea mshahara wake wa kwanza aliuhesabu, akaurudia, akauliza kilichopungua kimekwenda wapi.

"Kodi ya mshahara," mama akamjibu. "Au ulitaka niifiche kwa jina la nani?"

Usidhani alikuwa anafurahi. Deni lilikuwa bado zito, na yeye kila akilala alitazama ile dari kama mtoto mgonjwa, akikadiria imepona kiasi gani.

Ndipo siku moja Njia Ipo akaingia na koti lake. Fundi ndiye aliyemwita, kwa siri, akainamia mbao ajifanye hayupo. Njia Ipo akamwonea mama huruma sana. Mama unaumia bure, akasema, kodi yote hiyo ya nini? Karakana inahamishwa kwa jina jipya, lile deni linabaki linaelea. Njia ipo.

Mama Mayai akampa kiti. Akamuuliza kwa upole, na ile mashine yako ya kopi, baba, umeiandikisha kwa jina la nani?

Njia Ipo akacheka kwa fahari. "La bi mkubwa wangu, aliyenizaa. Macho yamemwisha, hata hatoki nje. Hajui lolote."

"Ana nyumba?"

"Anayo, hapo nyuma ya tanuri la matofali, ile yenye bati je—"

Aling'amua katikati ya neno, lakini lilikuwa limeshatoka. Mama Mayai alikuwa tayari anatafuta viatu vyake, akamwambie mwenye jina. Akamwambia Fundi ashike mlango, na mteja akija apewe risiti. Kisha akatoka, na Njia Ipo akamfuata mbio mbio na koti lake, akimsihi wakae wazungumze, mama, njia ipo, haikosi. Naye hageuki, anahesabu mapaa, anatafuta bati jekundu.