Choki ya Lori la Abrahamu

Mzee Nsajigwa hakupenda kusimama karibu na lori lake hata mchana kweupe. Kila ukungu uliposhuka Tukuyu alilisikia likikohoa kwenye mlima wa Suma, pale alipofia mwanawe Abrahamu, na huku lori lenyewe lilikuwa Bulyaga kwa fundi Husseni, limepandishwa juu ya mawe, halina hata kabureta. Miezi saba mzee wa watu hajui usingizi.

Siku hiyo Husseni alimwita aje achague kabureta mpya. Tangu biashara iachiwe huru, vipuri vya Dubai vilijaa madukani mpaka mtu anaringa, wakati miaka michache nyuma ungeshukuru kupata hata mkanda wa feni.

"Ziko mbili, mzee wangu," alisema Husseni. "Hii choki yake ni ya kuvuta kwa waya, kama ile ya zamani. Asubuhi ya baridi dereva anavuta kitasa petroli iingie nyingi, injini ikipata moto anakirudisha. Hii nyingine ni ya umeme, inajiachia yenyewe. Haina kitasa."

"Funga ya umeme," mzee alijibu upesi.

Sauti ikatoka upande wa pili wa lori. Ilikuwa ya Tupokigwe, mjane wa Abrahamu, aliyekaa kwenye tairi kuukuu amegeuza mgongo, kanga imemfunika kichwa. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Miaka tisa mzee akitokea, yeye huingia migombani mpaka apite, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao.

"Fundi, mwambie Baba mimi nataka ya waya. Tukifunga ya umeme tutakuwa tumekubali maneno ya watu, kwamba Abrahamu alisahau choki, injini ikalewa petroli ikazima mlimani, na breki zikagoma. Wanangu wanazomewa njiani kwamba baba yao alijiua kwa uzembe. Abrahamu hakuwa mzembe!"

Husseni aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyekikuta kitasa kimevutwa mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyewaambia watu.

Mzee alishika bodi ya lori. Angeweza kukubali ya waya, mambo yakaishia hapo. Lakini alimsikia mkwewe akilia, akaona kunyamaza kumemshinda.

"Hakusahau," alisema. "Husseni, usimwambie wewe. Tupokigwe, nisikie mwenyewe. Siku ile mvua ilinilowesha Suma. Nilipopanda lori nikatundika koti langu la sufu kwenye kitasa cha choki. Lilikuwa zito kwa maji, likakivuta kidogo kidogo, na Abrahamu macho yake yalikuwa barabarani. Lori lilipoanza kurudi nyuma akaniambia, 'Baba, ruka.' Nikaruka. Kisha nikashuka korongoni nikalitoa koti kabla watu hawajafika."

"Kwa nini ulilitoa?"

"Niliona haya."

Basi kwa haya za mzee mzima, maiti ikabebeshwa kosa. Tupokigwe aliinuka, akazunguka lori. Mzee akageuka ukutani haraka, kama desturi inavyotaka, lakini hatua zilikuja mpaka mbele yake.

"Jumapili utasimama kanisani uyaseme haya yote," alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nitasema."

"Fundi, funga ya waya."

Na kweli Jumapili alisema, mbele ya watu wote, na watoto wa Abrahamu walisikia.

Kesho yake alfajiri alikutana na Tupokigwe kwenye njia ya kisimani. Mzee akasimama, akajibanza pembeni, ili mkwewe apate nafasi ya kuingia migombani. Tupokigwe hakuingia. Alikuja moja kwa moja, kanga iko mabegani, uso wazi.

"Habari za asubuhi," alisema, kama mtu anayemsalimu mpita njia yeyote, akapita na ndoo yake.

Mzee alibaki amesimama kwenye umande, akitamani hata siku moja tu mkwewe amkimbie tena.