Kiti cha Dereva

Mimi sikuwahi kutaka gari. Watu wa Mbale walinisema sana kwa hilo: mwanamke ana karakana yake, ana akiba, kaka yake Rajab amemfundisha kuendesha lori la kiwanda cha pamba, na kila akiletewa Morris nzuri ya kununua anatikisa kichwa. Gari la nini? Nilitaka MG TC, ile ndogo ya viti viwili, yenye magurudumu ya spoki kama ya baiskeli na boneti ndefu kuliko sehemu ya kukalia. Mji mzima wa Mbale ulikuwa nayo moja tu, nyekundu.

Marehemu baba yangu, Mzee Bakhit, alishona mahema ya jeshi mpaka akastaafu, kisha akafungua karakana karibu na msikiti, tukawa tunashona viti vya magari na maturubai yake. Aliyetuletea TC, mwaka 1948, alikuwa Mzungu wa idara ya pamba. Turubai lilikuwa limechanika na mto wa dereva umebonyea. Baba alichukua turubai, akaniachia mimi kiti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipofungua ule mlango nikakaa, moyo wangu ulifanya jambo ambalo haujawahi kulifanya kwa mwanamume yeyote, na nasema hivi nikiwa nimeolewa mara moja na kuachika mara moja.

Kwetu mto haujazwi kwa kukisia. Unajaza sufi, unakaa, unashika usukani, unakanyaga klachi. Ukiona mgongo umetulia na mguu umefika, unafunga mshono. Baba alifanya hivyo maisha yake yote, na kwa kuwa alikuwa na mwili wa wastani, hakuna aliyelalamika. Mimi ni mfupi. Nilijaza sufi mpaka nikaiona barabara juu ya boneti, nikaongeza mgongoni mpaka mguu ukafika chini, nikashona. Wallahi siku ile sikuwa na hila. Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa.

Hila ilikuja baada ya mwezi, Bwana wa pamba aliporudi kulalamika kwamba magoti yake yanagonga usukani. Baba alikuwa safarini. Nilimjibu kwamba magari ya namna hii ndivyo yalivyo, yametengenezwa kwa mbio, si kwa starehe. Akaamini. Mwaka uliofuata aliliuza kwa daktari. Daktari naye akaleta kiti, nikakifumua, nikakirudisha kilivyokuwa, na inchi moja juu yake. Baada ya daktari akaja Bwana wa kahawa. Nilishona turubai mara tatu na kiti mara nne, na kila mara gari lile lilirudi barabarani likiwa langu zaidi kidogo. Wao waliliendesha huku wakishika viuno. Mimi nilisubiri. Baba alipofariki karakana ikawa yangu, na hakubaki wa kuniuliza.

Mwaka 1956 Bwana wa kahawa alipata uhamisho. Aliniahidi kwa kinywa chake, akiwa amesimama mlangoni kwangu, kwamba TC ni yangu. Ijumaa nilikwenda kwake na akiba yangu yote kwenye mfuko wa khaki, nikakuta nyumba tupu. Alikuwa ameliuza Jinja, kwa Vasant, mfanyabiashara wa vitambaa. Mpishi wake alinieleza kwamba bwana alidhani nilikuwa natania. Nilirudi nyumbani nikapasua kikombe changu mwenyewe, tena kile ninachokipenda.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, TC ikasimama mbele ya karakana. Vasant hakushuka, alijikunjua. Alikuwa mrefu kama mlingoti, mkono mmoja umeshika kiuno, na turubai langu lilikuwa limetuna pale kichwa chake kilipokuwa kikiligonga. Alisema amesikia kwamba kiti kile nilikishona mimi, akauliza kama kinaweza kurekebishwa.

Kiti kile kingerekebishika kwa saa moja. Lakini pia ningeweza kumwambia maneno yale yale niliyowaambia wenzake. Angechoka kabla ya mwaka kwisha, angeliuza, na safari hii ningekuwa wa kwanza kufika. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Basi kabla sijayatoa, yule bwana akainama, akapitisha kidole kwenye mshono wa mto, polepole, akasema mshono huu ni safi kuliko wa kiwandani. Wale watatu, miaka yote minane, hakuna hata mmoja aliyewahi kuutazama mshono wangu. Niliona aibu, aibu hasa, kumdanganya mtu anayejua kazi.

"Bwana Vasant," nikamwambia, "kiti hii haina makosa. Mimi nilikata kwa mwili yangu. Miaka nane nakata kwa mwili yangu, kwa sababu gari hii naitaka."

Akaniambia nikae. Nikakaa. Mgongo uliingia mahali pake, mikono ikaushika usukani bila kunyooshwa, miguu ikakuta klachi na breki zikiingoja. Akazunguka upande huu, akazunguka upande ule, akanitazama bega, kiwiko, goti, akitafuta palipopwaya. Hakupaona.

Aliuliza kama naweza kukikata upya, kwa kipimo chake. Nilimjibu kwamba naweza, leo hii, na kitamfaa kabisa, kwa maana jina langu liko kwenye mshono ule. Nilishuka, nikachukua kisu cha kufumulia, nikapiga magoti kando ya mlango. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta. Nikakata uzi wa kwanza.

"Wacha," Vasant akasema.

Nikaacha. Akanitolea ufunguo.

"Baba yangu alikuwa darji, Jinja, kwa baraza ya duka ya watu. Akishapima mtu, hiyo nguo hauzi kwa mwingine. Mwenyewe akichelewa mwaka mzima, nguo inangoja kwa msumari. Mimi nimenunua nguo ya mtu. Nirudishie pesa yangu tu."

Mfuko wa khaki ulikuwa bado chini ya cherehani, sikuwa na moyo wa kuugusa tangu ile Ijumaa. Nilimpa, na kwa kuwa sasa hakuwa na usafiri, nikamwambia nitampeleka kwake. Aliutazama mto wa abiria kwa wasiwasi. Nikamwambia apande bila hofu, ule sikuwahi kuuongeza kitu. Alikaa, akanyoosha miguu mpaka mwisho, akacheka mpaka akakohoa.

Tulikunja turubai. Nilipita Tororo, nikapita Iganga, vumbi likibaki nyuma yetu, na mabasi mawili ya Kampala niliyapita bila kupiga honi. Vasant alishika mlango kwa mikono miwili, lakini hakuniomba nipunguze. Sijawahi kuwa na furaha kama ile na sidhani nitaipata tena.

Dukani kwake Jinja, mkewe Nalini alitoka na futi ya kupimia shingoni. Alimwona mumewe kwenye kiti cha abiria, akaniona mimi kwenye usukani nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, akauliza gari hili sasa ni la nani.

"Ya huyu," Vasant akamwambia. "Angalia vile imemkaa."