Mabaka ya Mama Sandra

Kilichomuudhi Matthew hasa si mabaka yenyewe. Mabaka alikuwa ameyazoea. Kilichomuudhi ni yule mama muuza samaki wa Chwele ambaye, siku ya soko, mbele ya watu, alimshika Jelimo mkono na kumwuliza kwa huruma nyingi, "Mama, ni bwanako amekufanya hivi?"

Matthew alikuwa hatua chache nyuma, amebeba gunia la vitunguu vya mkewe. Alisikia kila neno. Na tumpe haki yake: hajawahi kumwinulia Jelimo mkono hata siku moja. Ni shemasi kanisani, mtu wa kusalimia watoto barabarani, na mwaka ule alikuwa anataka uenyekiti wa chama cha ushirika cha maziwa pale Bumula. Sasa fikiria mtu kama huyo anaambiwa sokoni kwamba amemvimbisha mkewe mashavu! Vitunguu havikuuzwa vizuri siku hiyo.

Ukweli ni kwamba kwa mbali yale mabaka yalifanana na michubuko. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea, yametanda mashavu yote mawili, mengine yamekaa juu ya mdomo kama masharubu ya kijana wa kidato cha pili. Jelimo alianza kuyaona alipokuwa na mimba ya Naliaka, kitindamimba wake. Akaambiwa yataondoka akijifungua. Alijifungua, mtoto akatambaa, akasimama, akaanza kukimbiza kuku, na mabaka yako pale pale, tena yamezidi.

"Tutaenda Kitale," Matthew akasema usiku huo. "Kuna daktari wa ngozi huko. Siwezi kuomba kura na watu wanasema nakupiga."

Ona basi. Siwezi kuomba kura. Jelimo aliyasikia vizuri. Alitaka mabaka yatoke, hata kama sababu haikuwa yeye.

Kitale ni kwao Jelimo, alizaliwa na kulelewa ng'ambo tu ya mji, lakini siku hiyo aliingia kama mgeni, amejifunika leso mpaka puani. Daktari Rajvinder alikuwa mama wa Kisikh aliyezaliwa papo hapo mjini, anayezungumza Kiswahili cha Kitale kama mtu yeyote wa sokoni. Alishangaa kuona Matthew anavuta kiti na kuketi mbele, mgonjwa nyuma yake.

Lakini ndivyo walivyoishi hawa. Matthew hakumwacha mkewe aingie ofisi ya mtu peke yake, iwe ni ya chifu, ya mwalimu au ya daktari. Yeye ndiye aliyeingia, akasalimia, akaeleza, akajibu. Wenyewe waliuita huo upendo, na Jelimo alikuwa amekubali kwa sababu kuna siku ulimsaidia kweli.

"Yalianza lini, mama?" daktari akauliza.

"Alipokuwa na mimba ya mtoto wa mwisho," Matthew akajibu.

"Yanamwasha?"

"Hayamwashi."

"Baba, nauliza mwenye uso."

"Hayaniwashi," Jelimo akasema.

Daktari akamsogeza dirishani, akamgeuza huku na huku. Akasema hii inaitwa melasma, haiui, haiambukizi, inaletwa na jua na homoni, na wanawake wengi wanayo. Kisha akauliza, bila kuinua macho, swali ambalo Jelimo alikuwa hajaliwaza kabisa njia nzima.

"Unatumia mpango wowote wa uzazi? Sindano, vidonge, ile ya mkononi?"

Matthew akacheka. "Hapana, daktari."

"Mama?"

Jelimo alikuwa anachomwa sindano. Alianza Naliaka akiwa bado mchanga, kwa Hillary, nesi wa zahanati ndogo ya kando ya barabara, akisingizia kuumwa mgongo. Si kwamba alichukia watoto. Siku ya Naliaka alitokwa na damu pale Bungoma mpaka akaanza kuona giza, wakamwongezea damu ya watu asiowajua, na daktari akamwita Matthew kando ya kitanda, akamwambia waziwazi: huyu mama akizaa tena anaweza asirudi nyumbani. Matthew alimsikiliza daktari mpaka mwisho. Halafu akasema, "Daktari si Mungu." Nyumba ilikuwa na wasichana watatu, na jina la marehemu baba yake lilikuwa bado halijapata mtu wa kuitwa.

"Hapana," Jelimo akasema. "Situmii."

"Sawa. Na hamna nia ya kupata mtoto karibuni? Maana dawa nitakayompa haipatani na mimba kabisa. Kama mnatafuta mtoto, siiandiki."

Hapo Jelimo akamtazama mumewe. Jana yake tu, jana hiyo hiyo, huyu mtu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda akimwomba Mungu mtoto wa kiume kwa kumtaja kabisa jina.

"Hatutafuti," Matthew akasema bila hata kupepesa jicho. "Hawa watatu wametutosha."

Loo! Mume anadanganya, mke anadanganya, na daktari wa watu anaandika dawa. Jelimo aliona aibu, lakini hakushangaa sana. Alichoshangaa ni jinsi uongo wa mumewe ulivyotoka laini.

Maagizo yalikuwa rahisi. Krimu inapakwa usiku tu, juu ya baka tu, kiasi cha punje ya njegere, kwa miezi michache, kisha arudi aangaliwe. Asubuhi lazima apake mafuta ya kuzuia jua na kuvaa kofia pana. "Bila hayo ya asubuhi, hii ya usiku itakugeuka," daktari akasema. "Ngozi itakuwa laini kama ya mtoto, na jua litaichoma."

Dukani Matthew alilipia krimu bila neno. Alipoonyeshwa mafuta ya kuzuia jua akaangua kicheko. "Mtu mweusi anakingwa jua? Hiyo si ni ya wazungu bana! Nyumbani kuna mkebe mzima wa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Atapaka hayo."

Na ndivyo alivyofanya. Kwani ni nani kwetu asiyejipaka mafuta ya kukamulia? Yanatoa ukavu, hayana harufu mbaya, watoto wanaenda shule wanang'aa. Ila ng'ombe ana bahati, maana chuchu zake ziko kivulini. Jelimo alianika mahindi, akapalilia vitunguu, akakaa Chwele kutwa nzima, uso unameremeta kama sufuria, na jua likala. Kofia aliijaribu mara moja. Mama mkwe alimwuliza kama sasa amekuwa mtalii, naye Jelimo akaitundika.

Mwanzoni kulikuwa na nafuu. Baka la shavu la kushoto lilififia hata Sandra, binti yake mkubwa, akasema, "Mama, umekuwa msupa." Jelimo alicheka siku nzima. Kisha ngozi ikaanza kuwaka. Ikawa nyekundu, ikabambuka, na kila ilipobambuka iliacha weusi mpya, mkubwa kuliko wa zamani. Kanisani akina mama wakaanza kunong'ona kwamba mke wa shemasi anajichubua. Kura zilikuwa zimebaki wiki chache. Matthew akawasha pikapu, wakarudi Kitale.

Daktari Rajvinder alimtazama, akavua miwani.

"Mama, mafuta ya jua ulitumia?"

"Alitumia," Matthew akasema.

"Yapi?"

Daktari hakuhitaji jibu. Akashika kidevu cha Jelimo, akakigeuza taratibu, na akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Jua peke yake halifanyi hivi. Mabaka yanayotanda hivi mimi huyaona kwa wale wanaochomwa sindano za uzazi. Baba, tafadhali toka nje kidogo, niongee na mama."

"Siwezi kutoka," Matthew akasema. "Huyu ni mke wangu."

"Toka, baba."

"Aseme nikiwa hapa. Hana la kunificha."

Jelimo angeweza kusema hapana tena. Alikuwa ameshazoea neno hilo. Lakini uso ulikuwa unamwaka, alikuwa amechoka, na ndani yake kulikuwa na hasira ambayo hakujua ina muda gani.

"Ni sindano," akasema. "Nachomwa tangu Naliaka azaliwe. Nilikataa kufa."

Daktari akasema haraka haraka kwamba hakuna lililoharibika, krimu isimamishwe kwanza ngozi ipone, na kuna koili ya kuzuia mimba isiyo na homoni, angeweza kupelekwa leo leo kuwekewa. Alikuwa anamwambia Jelimo lakini anamtazama Matthew.

"Tutafikiria," Matthew akasema, akasimama.

Walishika njia ya nyumbani mpaka Kamukuywa. Hapo Matthew alisimamisha gari kando ya barabara, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Nilikuwa napiga magoti kila usiku," akasema. "Wewe umelala pale, unanisikia. Ulikuwa unanicheka?"

"Sikukucheka."

"Mimi naomba, wewe unafunga mlango."

"Baba Sandra, ulimsikia daktari wa Bungoma. Ulikuwa umesimama pale. Alisema nitakufa."

"Nilimsikia. Na hukufa." Machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya kweli. "Ulikosa imani na mimi, na ukakosa imani na Mungu. Hiyo ndiyo inaniuma."

Jelimo alitaka kumwambia kwamba kinachomuuma yeye kiko wazi usoni, si lazima kitafutwe. Lakini kuna mtu ukimwona analia unajikuta unamwonea huruma hata kama ndiye aliyekukanyaga.

Matthew hakupiga, hakutukana, hakumwambia hata mama yake. Alifanya jambo moja tu. Alimwendea Hillary baada ya ibada, akamshika bega kindugu, akamwambia mke wake asichomwe tena. Hillary ni mwimbaji wa kwaya ile ile. Jelimo alipofika zahanati siku yake, Hillary alianza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa.

"Mama Sandra, sitaki vita na shemasi."

"Mwili ni wa shemasi?"

"Nisamehe tu, dada."

Jelimo aliomba akawekewe ile koili, Matthew akasema baada ya kura. Baada ya kura akasema baada ya mavuno. Mwishowe Jelimo alitafuta mwenyewe njia ya kufika Webuye, mahali ambapo hakuna anayemjua. Nesi wa huko alimpokea vizuri, akamwambia lazima wapime mkojo kwanza. Wakapima. Nesi akatabasamu akasema, "Hongera." Jelimo akatoka, akakaa kwenye benchi la nje.

Na hapo ndipo maajabu yalipoanza. Mimba ilivyokua, mabaka nayo yakaja juu, yakapanda kipajini, yakakutana katikati ya pua. Wale wale waliokuwa wananong'ona sasa walikuja na unga na kuku. Mama mkwe alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akayaangalia kama mtu anayeangalia mahindi yaliyokauka vizuri.

"Huyu ni kijana!" akapiga kigelegele. "Msichana hana nguvu ya kuharibu uso wa mamake hivi. Baba yenu amerudi!"

Matthew, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti, alianza kutembea naye kila mahali. Alimpeleka mkutano wa ushirika, akamketisha meza ya mbele. Watu wakimwuliza kuhusu uso wa mama, alicheka akasema, "Ni kazi ya mwanangu hiyo." Kliniki ya wajawazito alimsindikiza vilevile, akaketi mbele, akajibu. Alipoulizwa kama uzazi uliopita ulikuwa na matatizo, alisema ni damu kidogo tu, Mungu alisaidia. Jelimo akasema, "Haikuwa kidogo. Niliongezewa." Nesi akaandika, akamwambia asijaribu kuzalia nyumbani, akaita anayefuata.

Ibada ya shukrani ilifanyika mimba ikiwa ya miezi minane. Kulikuwa na hema, keki, na mpiga picha kutoka Bungoma. Matthew alimvuta mkewe mbele kabisa, akamtoa leso kichwani kwa mkono wake mwenyewe ili uso uonekane wote, akamzungushia mkono begani. Wasichana watatu wakapangwa pembeni.

"Karibianeni," mpiga picha akasema. "Mama, inua uso kidogo. Hapo hapo."

Jelimo aliinua uso. Akamgeukia mumewe polepole na kumwambia kwa sauti ya chini, sauti ile ile ambayo mtu humkumbushia mwenzake chumvi:

"Matthew, hii itoke vizuri. Ndiyo mtaweka mbele ya jeneza langu."

Matthew hakugeuka. Tabasamu lilibaki pale pale, ni mkono tu uliomkaza bega.

"Cheka, mama Sandra," akasema kati ya meno. "Watu wanatuangalia."

Jelimo akacheka, na picha ikapigwa.