Siku Upepo wa Juu Ulipogeuka

Fundi alikuwa ameshinda na rada yake asubuhi nzima, akibadilisha waya wa antena uliotafunwa na panya. Rada hiyo haikutafuta ndege. Ilifuatilia vimondo vidogo vinavyoungua juu sana, kusikofika hata ndege, na kwa jinsi michirizi yao inavyosukumwa, watu wa kituo cha kupimia hewa walijua upepo wa huko unaelekea wapi. Kazi ya utulivu. Mistari ya kwenye skrini ilipanda na kushuka kila siku kwa mazoea.

Alasiri ile mistari iligeuka. Upepo ambao saa hizo huvuma kwenda mashariki ulikuwa unakwenda magharibi, tena kwa kasi asiyowahi kuiona.

"Umeunganisha waya kinyume," alisema mkuu wa kituo, ambaye wote walimwita Kipara, naye akiitika. "Si bure."

Fundi alipanda ngazi tena, akakagua kila kiungo. Hakuona kosa, lakini hakujiamini. Alirudi nyumbani amenyong'onyea.

Alimkuta mama yake sebuleni, simu mkononi, redio ikisema peke yake.

"Mlima umelipuka kule kisiwani kwa mdogo wako," mama alisema. "Tangu alfajiri. Simu haiendi."

Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile, alikuwa muuguzi huko, ng'ambo ya bahari. Fundi alipiga. Sauti ileile ya kike ikajibu kwamba namba haipatikani.

"Na huyu mwanamke naye hana jingine la kusema?" mama alifoka. Kisha akamgeukia. "Na wewe, na mitambo yenu yote hiyo, hamwoni kitu?"

Fundi alitaka kumjibu kwa ukali, akaikumbuka mistari iliyogeuka. Alfajiri. Alikadiria umbali, akakadiria mwendo wa wimbi la hewa. Lingefika alasiri hasa!

"Tumeona, mama," alisema, na kabla hajajizuia alikuwa anatabasamu. "Ni ule mlima!"

Kulipokucha, mama aling'ang'ania kwenda kujionea mwenyewe. Kipara alimvutia kiti. Vituo vingine vilikuwa vimeshaandika kwamba navyo vimeona hivyohivyo.

"Shikamoo mama. Waya hauna kosa," alisema. "Nilimlaumu bure mwanao."

Mama hakuwa na habari na waya. Aliigusa skrini kwa kidole. "Hii ndiyo pumzi ya mlima?"

"Ndiyo," fundi alisema. "Ulipolipuka uliisukuma hewa, mawimbi yakapanda mpaka juu kabisa, yakasambaa dunia nzima. Jana yametupita kichwani, wewe ukianua nguo."

Mama aliondoa kidole kwenye skrini. "Kama umesukuma hewa mpaka huku, aliyekuwa chini yake umemfanya nini?"

Fundi alitazama tena skrini. Furaha ya jana ilimtoka. Ule mstari alioushangilia, kadiri ulivyokuwa mrefu, ndivyo hatari ya mdogo wake ilivyokuwa kubwa. Alimshika mama mkono, wakabaki wamekaa hivyo mbele ya skrini, na Kipara akatoka nje kwa kunyata akawaachia chumba.

Simu haikuita siku hiyo wala iliyofuata. Ilipoita, mama alikuwa anachambua mboga. Akaidaka kwa mikono yenye maji.

"Umekula?" ndilo lililomtoka kwanza, kisha machozi.

Mdogo mtu alikuwa hai. Sauti ilikuwa imemkauka kwa majivu. Yeye na wenzake walikuwa wamewabeba wagonjwa mgongoni hadi shule ya kilimani, na si wote waliofika. Mama alishindwa kuendelea, akampa fundi simu.

"Dada, huko kwenu mlisikia mlio?"

"Hatukusikia kitu. Upepo wa juu uligeuka tu."

"Mpaka huko?" mdogo wake aliuliza. "Nilidhani hakuna anayejua kilichotupata. Sasa huo upepo umerudi?"

"Umerudi. Unakwenda kama kawaida."

"Sisi bado," alisema mdogo wake, akaanza kukohoa, na mama akampokonya fundi simu.