Masale Mbele ya Duka la Bwana Dhirendra

Waliohudhuria kikao cha barazani walikuwa hawa: Bwana Sirili, mwenyekiti wa Kamati ya Majengo ya Kale, mzaliwa wa Kibosho; Aikaeli Eliufoo, binti wa Marangu, afisa mipango miji anayeshughulikia majengo hayo; Bwana Dhirendra, mwenye duka la vitambaa; Isha, mkwewe, mke wa mwanawe; na Gladys, fundi cherehani. Gladys hakualikwa, lakini kikao kilifanyika mahali anaposhonea kila siku, naye hakuona sababu ya kuhama.

Ajenda ilikuwa moja. Bwana Dhirendra alikuwa ameomba kibali cha kubomoa baraza la duka lake ili aweke kioo kutoka chini hadi juu. Aikaeli alitaka baraza libaki. Lilikuwa la mwisho katika mtaa ule kuwa na nguzo za mbao ngumu kutoka msitu wa mlimani, zilizochongwa vichwani mfano wa mikungu ya ndizi. Tangu aajiriwe, Aikaeli hakuwa ameokoa hata dirisha. Dada yake alisema kazi yake ni kupiga picha za marehemu, kwa maana kila jengo alilolipiga picha lilifuatwa na tingatinga. Wenye nyumba kadhaa mjini walikuwa wameanza kufunga milango wakiona kamera yake. Baraza hili nalo likianguka, alikuwa ameshaamua moyoni kuomba uhamisho kwenda kitengo cha mitaro.

Ili ieleweke kwa nini Bwana Dhirendra alikuja kikaoni amevaa suti aliyoolea, sharti turudi nyuma hadi Jumamosi.

Utaratibu unataka eneo linalojadiliwa liwekewe alama kabla ya kikao. Aikaeli alikwisha kuweka vigingi vya chuma kwingineko, navyo vikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Safari hii alifikiri kwa akili ya kwao Marangu, ambako mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, hauhitaji kigingi: hupandwa masale, mimea ya majani marefu ambayo hata mwizi aliyekubuhu huizunguka kwa heshima. Akachukua miche kwa mama yake, akaipanda kwenye ukingo wa baraza wakati duka limefungwa. Kisha, ili majani yasikanyagwe na wapita njia, akayafunga fundo, moja baada ya jingine, kwa unadhifu wa kupendeza. Akasogea nyuma, akatazama kazi yake, akajipongeza.

Hivyo ndivyo mtoto wa Kichagga, aliyelelewa na bibi yake na kusomeshwa hadi shahada, alivyoacha mbele ya mlango wa mtu safu nzima ya masale yaliyofungwa fundo, bila kukumbuka hata kidogo kwamba jani la isale lenye fundo, likipelekwa kwa mtu, ni ombi la msamaha, na ombi hilo halikataliwi. Jani moja hutosha kwa kosa la kawaida. Kwa safu nzima, mtaa ulikubaliana, kosa lilikuwa la kutisha. Kufikia Jumatatu Gladys alikuwa ameshamweleza kila aliyeleta suruali kupunguzwa.

“Shikamoo, baba,” alisema Aikaeli alipofika barazani na Sirili siku ya kikao.

“Marahaba, binti. Karibuni mketi. Nimewangoja.”

Viti vilikuwa vimepangwa. Palikuwa na chai ya tangawizi, vitafunwa vya chevda na ndizi mbivu. Bwana Dhirendra aliketi, akanyoosha tai yake, akaweka mguu juu ya mguu.

“Haya,” alisema. “Semeni.”

“Tuseme nini, mzee?” aliuliza Sirili.

“Kosa.”

Sirili akageuka. Kwa mara ya kwanza akayaona masale.

“Aikaeli,” alinong'ona, “nani kafa?”

“Hajafa mtu. Ni mipaka.”

“Mipaka yenye mafundo? Kwenu Marangu mnafungaje mipaka, kama viatu?”

Hapo ndipo Aikaeli alipoyatazama mafundo yake kwa macho ya bibi yake, na akakumbuka maana yake.

“Msinong'one,” alisema Gladys huku akitoa uzi kwenye sindano. “Ukishaleta isale unasema kosa lako kwa sauti. Shangazi yangu aliiba jogoo, akasema mbele ya ukoo wote, na jogoo yupo hapo anamwangalia.”

Sirili alikohoa. “Pengine Bwana Dhirendra haielewi sana mila hii, kwa hiyo...”

Bwana Dhirendra alimjibu kwa Kichagga, tena kile cha wazee, ambacho vijana wa Sirili mwenyewe wangehitaji mkalimani. Kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya mkwewe. “Nimezaliwa chumba cha nyuma cha duka hili. Isale nimeijua kabla wewe hujaota meno. Sema.”

Sirili alikuwa na njia mbili. Angeweza kung'oa masale na kukiri kwamba hakuna aliyekuja kuomba radhi, jambo ambalo mtu wa Kibosho halifanyi mbele ya watu, na watu walikuwa wameshajaa upande wa pili wa barabara. Au angetafuta kosa. Akatafuta.

“Kama ni ile siku nilipopita na gari nikarusha matope kwenye khanga ulizoanika mlangoni...”

“Ulikuwa wewe?”

Sirili akakoroga chai yake.

“Sikujua,” alisema Bwana Dhirendra. “Isha, mwanangu, alikuwa huyu. Endelea.”

“Basi labda ni ule mwavuli nilioazima.”

“Mwavuli wangu!”

“Upo, mzee! Upo salama. Mama watoto anafukuzia nao kuku.”

“Endelea.”

“Mwenyekiti, nyamaza,” alisihi Gladys akijifuta machozi kwa kipande cha bitana. “Utafungwa wewe!”

Aikaeli aliona wazi kinachoendelea: kila Sirili alipofungua kinywa, ni kama nguzo moja ilikuwa inaanguka. Akasimama. Isale ilikuwa imekwisha kuletwa, na aliyeileta alikuwa yeye.

“Baba, kosa ni langu. Mwaka huu nimekuja dukani kwako mara nyingi nikasema natafuta kitambaa cha mapazia. Sikuwa natafuta mapazia. Nilikuwa napima nguzo zako kwa macho, maana niliogopa ukijua mimi ni nani utanifungia mlango. Nimekufanya ushushe majora hadi mgongo ukakuuma. Sikununua hata leso.”

Bwana Dhirendra aliushusha mguu wake, akavaa miwani, akamtazama vizuri.

“Wewe ndiye yule wa mapazia?”

“Ndiye mimi.”

“Uliyekuwa unachukua kitambaa, unakipeleka mlangoni, unatazama nje, unatikisa kichwa, unaondoka?”

“Nilikuwa nahesabu michongo, baba. Nilitikisa kichwa kwa kuipenda.”

Mzee akaanza kucheka, kidogo kidogo, kama cherehani inayoanza kushika kasi.

“Isha! Umesikia? Si nilikwambia, mwanangu: mteja huyu anaipenda bidhaa, lakini akifika mlangoni anaona giza. Baraza linatuua! Liondoke, tuweke kioo! Kumbe giza halikuwepo. Alikuwepo huyu!”

Aikaeli aliketi bila kuambiwa. Alikuwa amelipeleleza baraza kwa mapenzi makubwa hadi nusura alibomoe.

“Nimesamehe,” alisema Bwana Dhirendra. “Siwezi kukataa, na nisingekataa. Ombi la kubomoa naliondoa.”

“Mimi sijaletewa isale,” alisema Isha.

Wote wakamgeukia.

“Mchoro wa kioo niliuchora mimi. Nimeota kile kioo. Sasa nibaki na nguzo za rangi ya matope?”

“Ni rangi ya mbao yenyewe, dada,” alisema Aikaeli. “Mbao za kihistoria huwa hazipakwi...”

“Leta isale nyingine basi, tuzungumze.”

“Dada yangu, unataka nini?”

“Rangi nichague mimi.”

Aikaeli alimtazama Sirili, na Sirili akaitazama chai yake. Aikaeli akaitazama nguzo ya karibu, ile yenye mkungu uliochongwa na fundi ambaye hakuna aliyekumbuka jina lake. Ilikuwa imesimama. Akaitikia kwa kichwa. Isha akainama, akamnong'oneza mwenyekiti sikioni.

Sirili alisimama, akafunga kifungo cha koti, akawageukia watu waliojaa barabarani.

“Ndugu wananchi, Kamati imeamua. Baraza linabaki. Nguzo zote zinabaki. Fundi Gladys anabaki. Na kuanzia wiki ijayo, kwa ridhaa ya afisa wetu wa majengo ya kale, baraza zima litapakwa rangi ya waridi.”