Wizi wa Maharage Mchana Kweupe

Kalina, mchumba wa mwanangu Uroš, alinipigia simu Jumanne kuniuliza habari za maharage. Wamepata nyumba yenye bustani nyuma, anataka kupanda maharage mabichi kando ya uzio, na dukani ameona aina kumi na nne. "Bi Radojka, nichukue ya njano au ya kijani? Mafupi au yanayotambaa?" Bi Radojka! Mwaka wa pili sasa ananiita hivyo, utadhani mimi karani wa posta. Lakini siku hiyo sikujali, maana nilifurahi mno.

"Usinunue kitu!" nikamwambia. "Mbegu zako ziko hapa kwangu. Njooni Jumapili mzichukue."

Mbegu zenyewe nilipewa na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa aliniita "huyu". Huyu kaunguza mkate. Huyu kaacha geti wazi. Mwaka wa nne akanijazia kiganja mbegu nyeusi zenye doa jeupe, akasema, "Shika, binti yangu, usizipoteze." Ganda lake ni pana, la njano lenye michirizi myekundu, halina nyuzi hata likizeeka, na ukilipika na kitunguu unalila bila meno. Miaka thelathini na sita nimezipanda, na chupa ya mbegu hukaa dirishani jikoni. Nilitaka kumjazia Kalina kiganja vilevile, nione kama naye ataniita mama.

Jumatano nikaenda mji wa Čačak kwa dada yangu. Narudi Ijumaa, niko mlangoni nasikia harufu ya kitunguu. Mume wangu Tihomir, ambaye tangu tuoane hajawahi kuchemsha hata yai, kavaa aproni yangu! "Kaa chini, mke wangu. Leo unahudumiwa." Akaniletea supu ya maharage. Jamani, ilikuwa tamu! Nikamsifu, nikaongeza bakuli la pili, nikalifuta kwa mkate. Ndipo nikauliza, "Maharage umeyatoa wapi?"

"Pale dirishani. Kwenye chupa."

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kilikuwa ndani ya aproni yangu. Nililia kwa sauti. "Umepika zote?"

"Zilikuwa chache," akasema kinyonge. "Nikaona ya nini kubakisha."

Jumamosi alfajiri kaenda sokoni peke yake, karudi na paketi sita za mbegu, akazipanga mezani kama karata.

"Haya mafupi, hayahitaji miti, siku hamsini unakula."

"Mafupi ni ya wavivu wa kuchonga miti."

"Haya ya zambarau je? Ona uzuri huo!"

"Ukiyapika yanageuka kijani. Zambarau ya nini hiyo, ya kumringia nani?"

"Basi haya membamba."

"Membamba kama miguu yako! Nimwite mtoto wa watu kutoka mjini nije nimpe paketi ya dukani? Si alikuwa huko huko dukani?"

Tihomir akakuna kisogo. "Stanija anayo," akasema.

Kwani sikujua? Miaka ishirini iliyopita niliacha maganda kumi na tisa yakauke uzioni kwa ajili ya mbegu, asubuhi moja nikakuta manane. Mwaka uliofuata, kwa jirani yangu Stanija, upande wa pili wa uzio, yakachomoza maganda ya njano yenye michirizi myekundu. "Mbegu ya shangazi yangu," akasema, macho makavu. Tangu hapo tunasalimiana, tunaazimana hamira, ila maharage hayatajwi. Na kinachoniuma zaidi, yake yanapanda juu kuliko yangu. Kila mwaka!

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamkuta barazani kwake anakunywa kahawa, nikamweleza yote, hata lile bakuli la pili sikulificha. Alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

"Maskini Radojka! Umekula urithi wa mkweo, ukaomba na nyongeza!"

"Cheka tu. Nipe kiganja kimoja."

"Kukupa siwezi."

Damu ikanipanda kichwani. "Huwezi? Wewe wa kuniambia huwezi?"

"Tulia basi, mwanamke! Nasema kukupa siwezi. Mbegu hii ya kupewa inaota shingo upande. Inayopanda vizuri ni ya kuibwa. Tazama uzio wako, kisha tazama wangu."

"Na umejuaje, kama ni ya shangazi?"

Stanija akachungulia ndani ya kikombe. Masikio yalikuwa yamemwiva. Siku za mwizi ni arobaini, na huyu zake zilichukua miaka ishirini.

"Maganda kumi na moja," akasema polepole. "Nilitaka kukuomba, nikamwogopa mkweo." Akainuka, akajikung'uta sketi. "Haya, mimi naenda kuangalia kuku. Chupa iko juu ya kabati hapo. Kuku wangu wanachukua muda mrefu kuangaliwa."

Basi mimi, mwanamke wa miaka sitini na mbili, nikaiba mchana kweupe. Tihomir alisimama uzioni kulinda, anapiga mluzi kwa nguvu mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Nikajaza mfuko wa aproni, nikatoroka. Nimefika getini, sauti ikatoka bandani: "Na soksi iliyo nyuma ya chupa, mjinga we! Zile ndizo kubwa!" Nikarudi nikaiba na soksi. Asante sikusema, maana mbegu ya wizi haishukuriwi, ukiishukuru hunyong'onyea.

Jumapili Kalina akaja na keki na karatasi aliyoandika majina ya aina zake kumi na nne. Mbegu nilikuwa nazo kiganjani, tayari. Kisha nikaukumbuka uzio wa Stanija. Nikazirudisha chupani, nikaiweka dirishani.

"Kalina, mbegu ndizo hizo. Kukupa siwezi. Naenda kuangalia kuku."

"Lakini Bi Radojka, si hamna kuku?"

"Naenda kuangalia wa jirani!"

Nikasimama nyuma ya nyumba, Stanija naye upande wake wa uzio, tumejiziba midomo kwa mikono. Tukamsikia Tihomir akinong'ona jikoni, akimweleza yule binti. Halafu mbegu zikalia kwenye chupa, chwaa! Kalina akatoka na mfuko wa koti umevimba, mashavu mekundu, akapita mbele yangu bila kunitazama.

"Umechukua nini humo ndani?" nikamfokea.

"Mimi? Sijachukua kitu, mama," akasema, akatimua mbio hadi kwenye gari.

"Mwizi! Mwizi huyo!" Stanija akapiga kelele juu ya uzio, anarukaruka. Mimi machozi yalikuwa yananitiririka nami nacheka. Niliporudi jikoni nikakuta chupa tupu kabisa. Kazoa zote, binti yangu.