Wasifu wa Marehemu Remmy Mbano

Mwili wa Remmy ulikuwa bado njiani kutoka Dar es Salaam, lakini Mzee Fulgence Mbano alikuwa amekwisha kata shauri: mwanawe angezikwa kama mhandisi.

Mtaa mzima wa Mshangano, pale Songea, ulimjua hivyo. Kwa miaka kumi na mitatu mzee aliwaambia wanajumuiya wenzake wa kanisani kwamba Remmy ni mhandisi Ujerumani. Uongo ule ulianza kwa neno moja tu, halafu ukanenepa. Mtu mmoja wa Mpitimbi alipokuja kuomba ushauri juu ya pampu ya kisima, mzee alimjibu kwamba Remmy ni mtu wa madaraja, mambo ya pampu si yake. Mwalimu mmoja alipouliza ni daraja gani alilojenga, mzee alimkata: "La Wajerumani. Hata nikikutajia jina, utalipeleka wapi?" Watu wakacheka, yakaisha.

Ukweli ni kwamba Remmy hakuwahi kujenga hata kibaraza. Alikuwa mchezaji. Alicheza juu ya barafu, miguuni amevaa viatu vyenye makali ya chuma, akiteleza, akiruka na kuzunguka hewani kwa kufuata muziki, mbele ya waamuzi walioketi mezani wakimpa alama.

Alikwenda Ujerumani akiwa na miaka sita, mama yake alipofariki. Aliyemchukua ni shangazi yake Kunegunda, mdogo wa Fulgence, muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee kwenye mji mdogo wa milimani. Mtaa wa pili kutoka kazini kwake palikuwa na uwanja wa barafu, na Kunegunda alimwacha mtoto pale jioni kwa sababu palikuwa na watu wa kumtazama. Hakuna aliyepanga zaidi ya hapo.

Alipofika miaka kumi na tisa Remmy alikuja likizo Songea. Walipokuwa sebuleni, wao wawili, alimpa baba yake simu atazame. Mzee alimwona mwanawe katika nguo ya buluu iliyombana, yenye shanga zinazometa kifuani, akiinua mkono polepole huku fidla ikilia. Dakika haikuisha, akaifunika simu kwa kiganja.

"Hii ndiyo kazi?"

"Ndiyo, baba."

"Ya mwanamume?"

"Wanaume tuko wengi, baba. Tunashindana."

"Basi hapa Songea wewe unasoma uhandisi. Umenielewa? Mimi nina jina langu."

Na kweli jina alikuwa nalo, tena alilitafuta kwa jasho. Ujana wake aliutumia Namtumbo akibeba marobota ya tumbaku. Kusoma alijifunzia darasa la jioni akiwa na miaka ishirini na saba, mikono bado inanuka tumbaku, mpaka akapanda kuwa mtunza ghala, akavaa tai, akawa msomaji wa masomo kanisani.

"Nimeelewa, baba," Remmy alisema.

Wiki ile yote aliwaamkia wazee shikamoo, na kila aliyemuuliza anasomea nini alimjibu, uhandisi. Hakuja tena. Kila mwezi alipiga simu. Baba yake aliuliza afya, aliuliza baridi, aliuliza kama anasali. Habari za kazi hakuuliza. Sasa, akiwa na miaka thelathini na miwili, asubuhi moja akifundisha wanafunzi wake uwanjani, moyo wa Remmy ulisimama.

Msibani lazima usomwe wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alifariki vipi. Mathias, mwenyekiti wa jumuiya na rafiki wa mzee tangu siku za Namtumbo, alikuja na daftari lake na kalamu mbili.

"Elimu tumemaliza," alisema. "Kazi?"

"Mhandisi."

"Mhandisi wa nini? Watu watauliza."

"Andika mhandisi, Mathias. Unaandika au unahoji?"

Mathias alimtazama kidogo, akaandika.

Kunegunda alifika na mwili siku iliyofuata saa nne asubuhi. Jeneza lilipelekwa moja kwa moja chumba cha maiti hospitalini. Yeye alikuja nyumbani na gari la ndugu, akalia na wanawake wenzake, kisha akamwita kaka yake pembeni, nyuma ya jiko.

"Kaka, nikwambie kabla hujaona. Remmy amevaa nguo yake ya mashindano. Ile ya mwisho. Aliniambia zamani azikwe nayo, nikadhani ni utani wa vijana."

"Kesho jeneza linafunguliwa. Watu wataaga."

"Najua."

"Basi nitambadilisha."

"Mimi mkono wangu sitatia," alisema Kunegunda. "Wewe ndiye baba. Nenda mwenyewe ukamvue."

Mzee alichukua suti yake nyeusi, ile ya Pasaka, akaikunja kwenye mfuko, akaondoka na Mathias. Mhudumu aliwafungulia jeneza, akawaachia nafasi.

Nguo yenyewe ilikuwa ya kijivu, yenye nyuzi nyeupe mabegani. Uso wa Remmy ulikuwa umetulia. Mzee hakuutazama sana. Suruali ilikuwa na mkanda unaopita chini ya unyayo, kwa hiyo hapakuwa na namna ila kuanzia miguuni. Akafunua shuka.

Alisimama hapo na shuka mkononi.

Vifundo vilikuwa vimeota nundu ngumu kama mizizi. Ngozi ya visigino ilikuwa imekakamaa, ya manjano. Kidole kidogo cha kulia kilikuwa kimelala juu ya mwenzake na kusahau njia ya kurudi. Kucha mbili hazikuwepo. Kwenye kifundo cha kushoto palipita kovu refu la kisu cha daktari, na alama za nyuzi bado zilihesabika.

Fulgence aliujua mwili wa namna ile. Kule Namtumbo wabebaji wote walikuwa na nundu begani, mahali robota linapokaa. Yake alikuwa nayo mpaka leo chini ya shati, na hakuna tai iliyowahi kuifuta. Alikishika kile kisigino. Kilikuwa baridi, kikavu, kigumu kama chake.

"Mathias," alisema bila kugeuka, "Remmy hakuwa mhandisi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

Mathias alivua kofia, akaivaa tena. "Miaka minane sasa. Mjukuu wangu alimkuta kwenye simu. Siku alipopata nafasi ya tatu tulikuwa kwa Zabibu, watu kumi na saba, tunapokezana simu moja. Tulipiga kelele mpaka kuku wake wakakimbia."

Zabibu alikuwa jirani, muuza korosho kutoka Tunduru. Ukuta wake na wa mzee ulikuwa mmoja.

"Kelele zile nilizisikia," mzee alisema taratibu. "Nilidhani ni mpira."

"Hivyo ndivyo tulivyokwambia."

"Na hamkunieleza."

"Tungekuelezaje, ndugu yangu? Ulikuwa unalipenda sana lile daraja."

Mzee Fulgence hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alirudisha shuka juu ya ile miguu, akaichomeka pande zote mbili kama mtu anayemfunika mtoto, akabeba mfuko wake wenye suti, wakatoka.

Nyumbani alimkuta Kunegunda akichambua mchele. "Sikumvua," alimwambia. "Kaa hapa unieleze, niandike wasifu upya. Sina hata tarehe moja."

Kunegunda aliweka ungo chini. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka. "Nitaeleza kesho, mbele ya watu. Miaka kumi na mitatu nimekuwa na maneno haya kinywani, kaka, nikikupigia simu tunaongea habari za mvua. Wewe utayasikia pamoja na wenzako."

Kesho yake uwanja wa nyumbani ulijaa. Mzee alisimama na karatasi, akasoma kwa sauti yake ile ya kanisani: alizaliwa Songea, mtoto wa pekee, alisoma huko ugenini. Alipofika kwenye kazi, aliishusha karatasi.

"Kazi yake ilikuwa kucheza juu ya barafu. Alishindana. Mimi ndiye niliyewaambia ni mhandisi, na yeye aliitikia kwa sababu nilimwamuru. Nasikia ninyi mlimwona. Mimi sikumwona. Kwa hiyo hapa sina cha kusoma. Kunegunda."

Akampa karatasi mdogo wake, akaenda kuketi kwenye viti vya wageni.

Kunegunda hakuitazama ile karatasi. Alieleza medali ya kwanza, ya plastiki, Remmy akiwa na miaka kumi na mmoja. Alieleza mwalimu aliyemwambia mapaja yake ni mazito kwa mchezo ule, na jinsi Remmy alivyoamka saa kumi na moja alfajiri miaka sita mfululizo ili kumkanusha. Mashindano ya taifa: nafasi ya saba, nafasi ya tano, kisha ile ya tatu. Alieleza kifundo kilivyovunjika alipokuwa na miaka ishirini na sita, vyuma vilivyotiwa, na mwaka mzima wa kujifunza upya kusimama. Hakurudi kama zamani. Akaanza kufundisha.

"Ile ya tatu alianguka!" Zabibu aliropoka kutoka kundi la wanawake, kisha akajiziba mdomo kwa khanga. "Nisameheni. Alianguka mwanzoni kabisa, nikasema basi, kaisha huyu."

"Kifudifudi," mtu mwingine alisema.

"Aliumia?"

Watu waligeuka. Mzee Fulgence alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti.

Kunegunda alimjibu yeye peke yake, kana kwamba uwanja ulikuwa mtupu. "Aliumia, kaka. Nyonga. Lakini aliinuka, akaendelea mpaka muziki ukaisha."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akasogeza kiti mbele, karibu na dada yake, akaketi, akaegemeza sikio asipitwe na neno.